Siku nilipokwama kwenye neno "mbona"

Mdogo wangu alifariki nikiwa mwaka wa pili chuo cha teolojia, na wiki tatu baadaye zamu yangu ya kuprezenti kwenye semina ikafika. Mada ilishapangwa tangu muhula unaanza, Jürgen Moltmann, mwanateolojia Mjerumani, na kitabu chake cha 1972 kuhusu Mungu aliyesulubiwa. Mwalimu aliniuliza kama nataka kubadilishana na mwenzangu, nikakataa.

Nlianza vizuri tu. Nikasimulia huyu Moltmann akiwa kijana wa miaka 17 pale Hamburg, Julai 1943, mabomu yanashuka, rafiki yake aliyesimama pembeni yake anakufa yeye anabaki, usiku ule ndo anamlilia Mungu, uko wapi. Afu 1945 akatekwa na Waingereza, akiwa kambini Scotland kasisi wa jeshi akampa Biblia, akasoma Zaburi ya 39, baadaye akafika Marko 15:34, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Na nyumbani kwao hawakuwa watu wa dini, yaani alikutana na Yesu ndani ya lile swali.

Hapo kwenye "mbona" sauti ikakata. Nlikuwa nimelipigia mstari kwa peni nyekundu, nikawa nalitazama tu. Msibani mhubiri alituambia tusiulize, kuuliza ni kukosa imani, na mimi nikaitikia amina na wenzangu nikameza swali langu. Sasa naliona liko mdomoni mwa Yesu mwenyewe, tena Marko anasema alilia kwa sauti kuu.

Darasa kimya. Mwenzangu mmoja, mtu mpole sana, akauliza taratibu: lakini mababa wa kanisa, wale walimu wa karne za kwanza, walifundisha kwamba Mungu kwa asili yake hateseki, na hata Karl Rahner, mwanateolojia Mkatoliki, alimpinga Moltmann hapo hapo, maana Mungu akiwa kwenye shimo moja na mimi atanitoaje? Swali zito, mpaka leo naliheshimu. Jibu la kitabuni nlikuwa nalo, kwamba Moltmann hasemi Baba alikufa msalabani, anasema Mwana aliteseka kwa kufa na Baba akateseka kwa kufiwa na Mwana, ni maumivu mawili tofauti. Nlipofika kwenye Baba kufiwa nikamuona baba yangu siku ya mazishi, ameshika viatu vya mdogo wangu, anazunguka navyo hajui aviweke wapi.

Sikumaliza, nikakaa. Mwalimu hakugusa habari ya maksi, akafungua Zaburi ya 39 akaisoma yote polepole, "usiyanyamalie machozi yangu", na zaburi ile haiishii kwenye furaha wala kwenye jibu, inaishia mtu bado anamwomba Mungu.

Jioni nikampigia baba nikamuuliza vile viatu viko wapi. Akasema viko chini ya kitanda chake. Tukalia wote wawili kwenye simu, mara ya kwanza tangu tumzike.