Shilingi 27 kila kilomita

Jumapili, saa mbili usiku. Mvua imenyesha hapa Mamboleo, Kisumu, tangu alasiri, stima imepotea na kurudi mara mbili, nami nimekaa mezani na daftari ninaloliweka kwenye dashibodi ya gari. Leo limetimiza mwaka. Kila nilipoweka mafuta, kila nilipoziba pancha, kila mia niliyompa kijana anayeosha gari, niliandika. Nimemaliza kujumlisha sasa hivi, na nimeirudia hesabu mara tatu kwa sababu sikuamini.

Kilomita 14,200. Shilingi 384,750.

Ukigawanya, unapata shilingi 27 na senti kidogo kwa kila kilomita. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwa Mama, ukishapita Mbale ya Vihiga, ni kilomita 35. Kwa hiyo kwenda na kurudi ni karibu shilingi 1,900. Mwaka mzima nimekuwa nikijiambia kwamba safari hiyo ni ya elfu moja, kwa kuwa ndiyo noti ninayotoa pale kituo cha mafuta Ijumaa jioni. Nilikuwa naona nusu tu ya gharama. Ile nusu nyingine ilikuwa inalipwa kidogo kidogo, kwa fundi, kwa wakala wa bima, kwa muuza tairi, na kwa kuwa ililipwa siku tofauti na kwa watu tofauti, sikuiona kamwe ikiwa imekaa pamoja.

Mafuta yenyewe ni shilingi 211,350. Hapo sina la kushangaa. Mtu yeyote mwenye gari Kenya anajua tarehe 14 ya kila mwezi, jioni ile tunaposubiri EPRA, mamlaka inayosimamia bei ya mafuta, watangaze bei itakayoanza usiku wa manane. Nakumbuka mwaka 2023 vizuri. Mwezi wa saba kodi ya VAT kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Oktoba lita ya petroli Nairobi ilikuwa shilingi 217.36. Wakati huo gari langu lilikuwa jipya kwangu, la mkononi kwa mtu, Toyota Fielder ya injini ya cc 1,500, na nilikuwa naweka mafuta ya mia tano mia tano huku taa ya tangi ikiwaka kila siku. Nilidhani naokoa. Fundi ndiye aliyenieleza kwamba pampu ya petroli iko ndani ya tangi na inapozwa na hayo hayo mafuta. Ukiiendesha kila siku kwenye matone ya mwisho, unaichosha. Siku hizi tangi likifika robo najaza. Halafu kuna faida nyingine: ukijaza mpaka juu, ukaandika kilomita, ukajaza tena mpaka juu, lita ulizoongeza zinakuambia ukweli. Langu linakwenda kilomita 14 kwa lita barabara ya Kakamega, na 10 nikizunguka mjini kati ya Kondele na Oile. Siku lilipokula zaidi ya hapo bila sababu, tairi mbili zilikuwa zimepungua upepo.

Lakini ukurasa nilioukazia macho leo ni wa Februari. Umechafuka oili pembeni. Jumla yake ni shilingi 61,500.

Ilikuwa Jumamosi, jua la Kisumu la saa nne ambalo hata usukani haushikiki. Tulikuwa tunakwenda mazishini Majengo. Shangazi zangu watatu walikuwa ndani, na nyuma tulipakia sufuria mbili kubwa na kreti za soda. Tulipoanza kupanda Riat tulijikuta nyuma ya lori la mchanga lililokuwa linatambaa. Niliteremsha gia, eisi, ile ya kupoza hewa ndani, ikiwa imewashwa kwa ajili ya Shangazi mkubwa ambaye ana presha. Gari langu halina mshale wa joto. Lina taa mbili tu: ya buluu ambayo huonekana asubuhi injini ikiwa baridi, na nyekundu ambayo sikuwahi kuiona. Siku hiyo niliiona.

Ningesimama pale pale. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi usiku. Ningesimama kando, nikazima injini, tukakaa chini ya mti nusu saa au zaidi, pengine yangeishia kwenye rejeta na pampu ya maji. Badala yake nilisema moyoni, acha nifike Kiboswa kwenye kivuli. Ni kama kilomita tatu. Kilomita hizo tatu ndizo zilizoua gasketi na kupinda silinda hedi. Tulipofika moshi mweupe ulikuwa unatoka, injini imekosa nguvu, na kijana mmoja wa boda boda alinishika mkono nisifungue kifuniko cha rejeta. Namshukuru hadi leo. Maji yale yako chini ya mgandamizo. Ukifungua yangali moto yanaruka usoni kama mvuke wa sufuria iliyobanwa.

Shangazi mkubwa aliniambia, "Mwanangu, wewe baki na gari lako. Sisi tutafika." Walipanda matatu, sufuria zikaja nyuma kwa boda boda. Walipofika, jeneza lilikuwa limekwisha kuteremshwa. Marehemu alikuwa binamu yake, walilelewa nyumba moja. Hakuuona uso wake. Hajawahi kunilaumu, hata kwa utani, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Bredauni ilitushusha hadi kwa fundi wangu, karibu na Kibuye. Ni mzee mpole, mikono yake imeshika injini za watu tangu nikiwa shule ya msingi. Alifungua bomba la chini la rejeta, maji yakatoka ya rangi ya chai ya rangi. Kisha akachomoa kijiti cha oili, nayo ikawa kama chai ya maziwa. Aliniangalia.

"Mwalimu, hii gari ulikuwa unawekea maji gani?"

"Ya mfereji, Fundi. Ikipungua naongeza."

"Tangu uinunue?"

"Tangu niinunue."

Hakunifokea. Alichukua pampu ya maji aliyoitoa, akanionyesha mapezi yake yaliyoliwa na kutu mpaka yakawa membamba kama maganda ya kitunguu. Akanieleza taratibu, kama mimi ninavyomweleza mtoto wa darasa la sita sehemu. Maji ya mfereji yana chumvi zake, na chumvi hizo huganda kwenye mishipa ya rejeta kama zinavyoganda ndani ya birika. Hayana dawa ya kuzuia kutu. Tena Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo maji matupu huchemka kabla hata ya kufika nyuzi 100. Kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupoza injini, huchelewesha kuchemka, huzuia kutu, na kifuniko kizima cha rejeta hushikilia mgandamizo unaosaidia kazi hiyo. Kifuniko changu mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Kulanti niliyowekewa ilikuwa ya shilingi 3,000. Ukiiweka kwa wakati, basi. Usipoiweka, unanunua rejeta, pampu, gasketi, unapeleka silinda hedi ikasawazishwe, unamwaga oili yote na kuweka nyingine, na fundi lazima alipwe siku tatu za kazi, na alistahili kila shilingi.

Nilimpigia wakala wa bima. Nilikuwa nimelipa bima kubwa, shilingi 34,800, si ile ya thadi pati tu ambayo sheria inalazimisha. Niliichukua kwa sababu sacco iliyonikopesha pesa za gari iliweka jina lake kwenye logi buku, hati ya umiliki wa gari, pamoja na langu, na sharti lao lilikuwa hilo. Nikadhani bima kubwa maana yake ni kila kitu. Wakala alinijibu kwa upole kwamba bima inalipa ajali, moto na wizi. Injini kuchemka ni uchakavu na matunzo, hiyo ni ya mwenye gari. Nilisoma karatasi zangu usiku huo kwa mara ya kwanza, na kweli imeandikwa. Mkopo nimeumaliza sasa, na wenzangu shuleni wananiambia nirudi thadi pati nipumue. Sitarudi. Thadi pati itamlipa mtu niliyemuumiza, na hilo ni jambo jema na la lazima, lakini gari likigongwa na asiye na bima, au likichomeka, nitabaki na funguo mkononi. Sina akiba ya kununua jingine.

Tairi nitazipitia haraka. Nilinunua mbili mpya kwa shilingi 15,600 baada ya kukaribia kununua mbili za mtumba kwa chini ya nusu ya hapo. Meno yalikuwa yamejaa, zinang'aa. Lakini ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna namba nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zile zilikuwa 0815. Mpira uliotengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2015 ukaanikwa juani miaka yote hiyo, hata ukiwa na meno, siwezi kumpakia mama yangu juu yake. Mwenye duka hakuficha, mimi ndiye sikujua kusoma. Sasa najua, na nimewafundisha walimu wenzangu wote.

Bushi na shoki, zile za chini zinazomeza mishtuko ya barabara, zilikula 18,200, kwa ajili ya ile njia ya murram kutoka lami hadi kwa Mama. Sevisi tatu, kila kilomita elfu tano, 20,400. Maegesho mjini, kuosha, pancha na vitu vidogo vidogo, 22,900. Hiki cha mwisho kilinishtua kuliko bushi. Hakuna siku hata moja niliyohisi nimetoa pesa ya maana hapo. Tena sijahesabu thamani ya gari inayoshuka kila mwaka, kwa kuwa hiyo hainitoki mfukoni hadi siku nitakapouza.

Basi nimekaa hapa nikijiuliza swali ambalo dada yangu huniuliza kila Krismasi: kwa nini usiliuze? Matatu ya kwenda Mbale na kurudi, ukijumlisha boda boda ya kuingia ndani, haifiki hata theluthi ya zile 1,900. Nikiwa peke yangu, hesabu imekwisha, na sina jibu. Kwa hiyo nimeamua kitu kimoja leo. Siku za shule gari litalala. Kutoka Mamboleo hadi shuleni kwangu kuna matatu na tuktuk, na asubuhi hazikosi. Najua halitaniokolea zile 27 zote. Bima inalipwa hata gari likilala uani, na betri nayo inataka liwashwe. Lakini mafuta ni 15 kati ya hizo, na tairi na oili na breki havitaliwa kwa kilomita nisizokwenda. Kwa siku hizo za shule, ni pesa ya kulipia kulanti, na bushi, na mengi mengine.

Kuliuza siwezi, na sababu haimo kwenye daftari. Mwezi wa tano, saa saba usiku, Mama alinipigia akihema. Maneno hayakutoka, ni pumzi tu. Nilipanda Riat usiku ule barabara ikiwa tupu, injini ikinguruma sawasawa, taa nyekundu haijawaka. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango, jirani amemfunika leso. Dakika chache baadaye tulikuwa hospitalini Mbale. Daktari alisema tumewahi. Kwenye daftari siku hiyo nimeandika hivi: kilomita 74, mafuta 1,000. Hakuna zaidi.

Na ule ukurasa wa Februari una orodha yote ya spea hadi stempu ya risiti, lakini haukutaja kwamba Shangazi alikosa kumuaga binamu yake.

Nimenunua daftari jipya, la kurasa 96. Lile la kwanza nililigawa safu tatu: tarehe, kilomita, pesa. Hili nimelipigia mstari wa ziada kwa rula, nikaandika juu yake: nani alikuwa ndani. Jumamosi Mama ana kliniki ya presha, na Shangazi mkubwa ameomba apitiwe Majengo waende pamoja. Ijumaa jioni nitafungua boneti injini ikiwa baridi, niangalie kama kulanti iko kati ya mistari miwili ya kikopo, kisha nijaze upepo. Nitaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori ya mchanga hayajaanza kupanda.