Mzee wa nyanya

Wenzangu wa Pemba mnaniuliza huku Uingereza nafanya nini hasa, maana mama kila akiulizwa anasema tu "anafundisha". Basi mie ni nesi wa wadi, ila wanafunzi wa unesi wakija fildi ndo nnaowasimamia. Huku mwanafunzi lazima atimize masaa 2,300 ya vitendo ndo asajiliwe, na tangu zilipokuja kanuni za 2018 anaemsimamia kila siku ni mmoja na anaempima ni mwengine, kwa hivo mie nakaa nae namtazama anavofanya.

Kupima presha, kuchoma sindano, kufunga kidonda, hayo wanayashika upesi. Pagumu ni pale wanapoambiwa mgonjwa ahudumiwe mwili na roho, hapo wanaganda. Wanadhani roho ni dini, na dini ni kumpigia simu kasisi wa hospitali halafu kazi imekwisha.

Kulikuwa na binti mmoja, mzuri wa kazi (ananiita kwa jina langu kavu bila hata ya "Bi", nshazoea). Na wadini tuna mzee hali chakula, halali usingizi, dawa ya maumivu anapewa lakini kila ukipita anaguna. Binti kaenda na fomu yake, una dini? Mzee kasema sina. Katia alama kaondoka. Namuuliza mbona umerudi mara hii, ananambia mgonjwa hana mahitaji ya kiroho.

Wallahi nilicheka ndani kwa ndani. Nikamwambia iweke hiyo fomu, vuta kiti ukae, usimsimamie mtu kama unamdai, halafu muulize akiwa kwake nini kinamtia nguvu na hapa nini kinamkosesha usingizi, kisha nyamaza. Akaniuliza ninyamaze muda gani? Mpaka aseme.

Kakaa dakika 20, mie nagawa dawa peke yangu nanung'unika. Karudi macho mekundu. Kumbe mzee ana kishamba cha nyanya, alikuwa akilima na mkewe, mke kesha fariki, na joto lile la Julai hakuna wa kumwagia maji. Basi, hilo tu ndo likimla. Tukamtafuta jirani yake kwa simu akakubali kumwagia, na binti akaziandika nyanya kwenye mpango wa huduma, jioni akazitaja kwenye ripoti, wa shifti ya usiku wakatazamana.

Cicely Saunders, aliyekuwa nesi kabla hajawa daktari na akaja kufungua St Christopher's, nyumba ya kuwauguza wanaokaribia kufa, pale London 1967, alifundisha kwamba maumivu ni ya mwili, ya moyo, ya watu wako na ya roho, yote yanakuja pamoja. Lakini mie kabla ya kumsoma huyo nilimuona bibi yangu. Kalazwa Chake msimu wa karafuu, kila anaekuja kumkagua, bibi anamuuliza zishachumwa? Zishaanikwa? Mvua je? Sie tunamwambia bibi pumzika, achana na karafuu. Ami ndo alokuja na fundo la karafuu ndani ya leso akampa anuse, na usiku ule bibi akalala.

Kwetu haya nesi hayabebi peke yake kwa sababu jamaa wapo, huyu kaleta uji, yule anasoma Yasini, mwengine anamtilia udhu. Huku mtu anakuja saa ya kutazama wagonjwa, au haji kabisa.

Na msidhani mie niliyajua mapema. Mwaka wangu wa mwanzo nilimkuta mama analia nikamwambia usilie, Mungu atakuafu, kama tunavosema kwetu, loo, akawaka! Kafiwa na mtoto na habari za Mungu hataki kuzisikia. Meneja akaniita akanikumbusha kanuni za kazi, imani yako usimtilie mgonjwa pasipo mahali pake. Siku hizi namuacha mgonjwa aanze yeye, akimtaja Mungu nami namtaja, akitaja mbwa wake tunamzungumza mbwa.

Ile wiki ya pili jirani akaja na nyanya kwenye mfuko wa dukani. Mzee kaishika moja, kainusa, kaigeuza geuza, binti kasimama pale anangoja machozi. Mzee akasema, "Huyu maji kazidisha."