Saa Ngapi Hasa Kutoka Unguja hadi Maskati

Mama alipoalikwa na mdogo wake anayeishi Maskati, jambo la kwanza alilotaka kujua ni muda atakaokaa kitini, kwa kuwa magoti yake huvimba asipoyanyoosha. Nilimsomea tiketi: ndege ingeondoka Unguja saa nne na nusu asubuhi na kufika saa kumi na moja jioni. Nikamwambia kuwa ni saa sita na nusu. Akaguna, kisha akaniuliza mbona za kurudi ni chache, maana ndege ya kurudi iliandikwa kuondoka saa sita na dakika 40 usiku na kutua saa kumi na moja na dakika 10 alfajiri, yaani saa nne na nusu tu.

Nilikuwa nimesahau kwamba kila wakati unaoandikwa kwenye tiketi ni wa mji unaotajwa, na Oman imetutangulia kwa saa moja. Ukienda unapunguza saa hiyo, ukirudi unaiongeza, na pande zote mbili zinakuwa saa tano na nusu.

Hata hivyo nilitaka kuuhakikisha muda huo kwa umbali. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na Maskati nyuzi 23 na nusu kaskazini, kwa hiyo tofauti ni nyuzi 29 na nusu, ambazo kwa kilomita 111 kila moja zinafika takriban 3,275. Maskati pia iko nyuzi 19 upande wa mashariki, kama kilomita 2,090. Nilipochora pembetatu daftarini, hesabu ile ya shule, mstari wa mshazari ulikuwa kilomita 3,900 hivi. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani huenda kama kilomita 850 kwa saa, na kwa mwendo huo safari ingekwisha kwa saa nne na dakika 35. Dakika zilizobaki ni za kutoka maegeshoni, kupanda, kufuata njia za anga ambazo hazinyooki kama rula yangu, kushuka na kutembea ardhini hadi kusimama, kwani tiketi huhesabu yote hayo. Kwa mama, hayo yote ni kukaa kitini. Nikamwombea kiti cha kando ya njia ili aweze kuinuka bila kumsumbua mtu.

Kosa kubwa lilikuwa katika tarehe. Tiketi ya kurudi ilisema Jumamosi, 00:40, nami nikampigia simu mama mdogo kwamba ampeleke uwanjani Jumamosi baada ya sala ya Isha. Mama alikuwa akisikiliza. "Usiku wa Jumamosi unaingia Ijumaa magharibi, mwanangu," akasema. Kwa hesabu yake ya kizamani, ambayo siku huanza jua linapokuchwa, tiketi haikuwa na utata wowote. Mimi niliyezoea kalenda ya ofisini ningemchelewesha kwa siku nzima. Nilipiga simu tena, safari hii nikitaja Ijumaa usiku.

Alirudi alfajiri hiyo ya Jumamosi, amechoka. Aliniambia kuwa aliinuka mara nne njiani, na kwamba goti la kushoto ndilo pekee lililovimba.