Kuchagua redio ya mkononi: wati si hoja kubwa

Mtu anayetaka kununua redio yake ya kwanza ya mawasiliano ya ridhaa, ile ya kushika mkononi, huniuliza jambo moja kabla ya mengine yote: ina wati ngapi? Nami niliuliza hivyo hivyo nilipokuwa naanza, na jibu nililopewa lilinifanya niiache redio ya wati tano na kuchukua ya wati nane kwa bei ya juu zaidi, nikiamini kwamba nimenunua umbali. Hesabu sikuijua. Tofauti kati ya wati tano na wati nane, kwa desibeli, yaani kipimo cha kulinganisha nguvu za mawimbi, ni mbili tu, ilhali kwa mizani ya kawaida ya kupima mawimbi yanayopokelewa, hatua moja ni desibeli sita, yaani ni lazima nguvu iongezwe mara nne ndipo mshale wa mwenzako upande hatua moja. Wati zangu tatu za ziada hazikutosha hata nusu ya hatua, na aliyekuwa akinisikiliza hakuwa na namna ya kuzitambua. Kilichozitambua ni betri, maana ilikuwa ikiisha mapema na redio ikipata moto kiganjani.

Redio hizi hutumia zaidi masafa ya aina mbili, yanayoitwa kwa urefu wa wimbi lake: ya mita mbili, yanayoanzia MHz 144, na ya sentimita sabini, yaliyo karibu na MHz 430. Mawimbi ya masafa hayo husafiri takriban kama mwanga, kwa mstari ulionyooka, na dunia inapojikunja yenyewe huwa ndiyo ukuta. Ukitaka kukadiria umbali katika eneo tambarare lisilo na vizuizi, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa kila antena kutoka ardhini kwa mita, vijumlishe viwili hivyo, kisha uzidishe kwa 4.12 upate kilomita. Watu wawili waliosimama uwanjani, kila mmoja na antena yake mita moja na nusu juu ya ardhi, hupata kama kilomita kumi. Mmoja wao akipanda kwenye paa lenye urefu wa mita thelathini, umbali huo unafika kilomita ishirini na nane hivi, bila yeyote kuongeza wati hata moja. Uthibitisho wake uko juu ya vichwa vyetu: Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na sauti inayorushwa kutoka humo kwenye MHz 145.800 husikika kwa redio ya kawaida ya mkononi na antena yake fupi, kwa kuwa kati yenu hapana mlima wala jengo. Kinapozama chini ya upeo wa macho, sauti nayo hukatika.

Kwa hiyo ninapoulizwa sasa, huanza na antena. Kile kijiti cha mpira kinachokuja na redio kimefupishwa ili kisisumbue mfukoni, na ufupi huo una gharama yake. Robo ya wimbi kwa masafa ya mita mbili ni karibu nusu mita, na antena nyingi za kiwandani hazifiki hata nusu ya urefu huo. Isitoshe, antena ya robo wimbi ni nusu ya chombo; nusu ya pili inatakiwa iwe bodi ya redio pamoja na mkono na mwili wako, na mwili wa binadamu haufai sana kwa kazi hiyo. Dawa yake ni rahisi kiasi cha kutia aibu: kipande cha waya mwembamba wenye plastiki, chenye urefu wa sentimita 49 hivi, kinafungwa kwenye sehemu ya chuma iliyo chini ya antena, upande wa nje wa kiunganishi, na kuachwa kining'inie. Siku ya kwanza nilipoufunga waya wa namna hiyo, mwenzangu ambaye kwa muda mrefu alikuwa akinisikia kwa mivumo alikatiza maongezi kuniuliza kama nimehama chumba. Nilikuwa kwenye kiti kile kile.

Onyo moja kuhusu antena ndefu, nalo nimelilipia mwenyewe. Redio nyingi za siku hizi zina kiunganishi kidogo cha SMA, chenye uzi mwembamba wa kukazia kama wa skrubu, ambacho hakikuundwa kubeba mzigo. Niliweka antena ya karibu nusu mita, nikaining'iniza redio mkandani, nikawa napita milangoni nayo ikigonga kila mwimo. Baada ya majuma machache redio ilianza kupokea kwa kukatika-katika, nami nikalaumu kila kitu isipokuwa mimi mwenyewe, mpaka nilipoifungua na kukuta kiunganishi kimeng'oka kwenye risasi ya kulehemu iliyokishika kwenye bodi. Tangu hapo antena ndefu nakaa nayo chini, na ninapotembea narudisha ile fupi.

Namna ya kuishika redio nayo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Vituo vingi vya FM katika masafa haya hutumia antena zilizosimama wima, hivyo nawe uisimamishe yako. Ukiilaza mbele ya mdomo kama kipaza sauti cha mwimbaji, sehemu kubwa ya nguvu yako inapotea kabla haijaanza safari. Halafu kuna jambo la hatua. Ndani ya majengo wimbi moja hukufikia kwa njia kadhaa baada ya kugonga kuta, na njia hizo mahali pengine husaidiana na mahali pengine huuana. Sauti ikififia, usikimbilie kuongeza nguvu. Sogea kidogo, kama nusu mita ukiwa kwenye masafa ya mita mbili na pungufu ya hapo kwenye sentimita sabini, na mara nyingi sauti itarudi yenyewe. Ninapokaa nyumbani najua kigae ambacho nikikikanyaga ripita, yaani kituo kinachopokea sauti yangu na kuirusha tena, inanisikia vizuri, na kile cha jirani yake ambacho hainisikii kabisa.

Kuhusu kifaa chenyewe, sehemu ninayoichunguza kwa makini ni kipokezi, ambacho matangazo ya biashara hayakisemi sana kwa sababu ubora wake hauandikiki kwa namba moja kubwa. Redio nyingi za bei ndogo hufanya karibu kazi yote ya kupokea ndani ya chipu moja, zikiwa na vichujio vichache mlangoni. Mahali tulivu zinasikia vizuri tu, wala sioni sababu ya kumcheka anayeanza na mojawapo. Ukizipeleka karibu na mnara wa utangazaji, au ukiziunganisha na antena kubwa ya juu ya paa, huzidiwa na mawimbi ya watu wengine na kuwa viziwi kwa kituo unachokitafuta. Ukipata nafasi ya kujaribu kabla ya kununua, fungua skwelchi, yaani lile lango linalozuia mvumo wakati hakuna anayezungumza, utafute kituo hafifu, kisha uone kama kinabaki unapokaribia chanzo chenye nguvu.

Mifumo ya kidijitali nitaipita haraka. D-STAR, DMR na C4FM hazielewani zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo usinunue redio ya mfumo wowote kati ya hiyo kabla hujajua wenzako unaotaka kuzungumza nao wanatumia upi. FM ya kawaida bado inamfikia karibu kila mtu.

Ukishainunua, shida ya kwanza itakuwa ripita. Ripita hupokea kwenye masafa mamoja na kurusha kwenye mengine, na katika masafa ya mita mbili tofauti iliyozoeleka ni kHz 600. Nyingi pia hudai toni ya chini isiyosikika, kwa mfano ya Hz 88.5, ndipo zikufungulie. Juma langu la kwanza nilirusha alama yangu ya mwito, yaani jina langu la hewani, kila jioni bila kujibiwa na yeyote, nikahitimisha kwamba watu wa masafa yale wana majivuno. Kumbe toni nilikuwa nimeiweka upande wa kupokea pekee, na hakuna aliyewahi kunisikia. Hata mipangilio ikiwa sahihi, bonyeza kitufe, hesabu moja kimoyomoyo, kisha ndipo useme, kwa sababu ripita huchukua muda mfupi kuamka na anayeanza kusema papo hapo hupoteza silabi za kwanza za alama yake.

Alama hiyo ya mwito huja na leseni, na bila leseni kitufe cha kurushia hakibonyezwi. Nalisema kwa sababu redio nyingi zinazouzwa zinaweza kurusha nje ya masafa ya ridhaa, na redio haikuulizi kama unaruhusiwa. Katika Eneo la Kwanza la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ambamo Afrika na Ulaya zimo, masafa ya mita mbili huishia MHz 146, wakati katika maeneo mengine mawili hufika 148, hivyo redio iliyotengenezewa soko la kwingine inaweza kukuvusha mpaka bila hata kukwaruza.

Ile ya wati nane ningali nayo. Naitumia kwenye nguvu ndogo kabisa, wati moja, nikiwa na waya wangu wa sentimita 49 na kigae changu, na ripita haijawahi kulalamika.