Feri Ilipokuwa Kwetu
Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa na miaka saba, nami nikachukuliwa na ami yangu huko Likoni, Mombasa, ambako nililala jikoni juu ya gunia na kula ukoko uliobaki sufuriani baada ya watoto wa nyumba kushiba. Mwaka 2003 serikali ilipofuta karo ya shule za msingi, wenzangu walikwenda kuandikishwa. Mimi niliambiwa kwamba sare haikufutwa, na hilo huniuma kuliko njaa.

Nilitoroka. Kwa kuwa waendao kwa miguu hawalipi nauli kwenye feri, nilivuka mara nyingi kwa siku bila kuwa na pa kwenda, kisha nikabeba magunia ya vitunguu sokoni Kongowea, nikaacha, nikawa makanga wa matatu, nikaacha tena. Hakuna aliyenifukuza, nilishindwa kutulia popote watu walipoanza kunizoea.

Muuza mahamri mmoja, ambaye hadi leo namwita mama, aliniwekea mawili kwenye kipande cha gazeti kila alfajiri. Siku moja aliniuliza jina la baba yangu, nami nikakawia sana kulitamka.