Nilivyoingiza miamala ya simu kwenye vitabu vya duka: uzoefu wangu wa Kigoma

Ninatunza hesabu za duka la jumla hapa Kigoma mjini, linalouza dagaa, migebuka iliyokaushwa na mafuta ya mawese. Sehemu kubwa ya fedha za duka hilo haianzii benki. Mnunuzi wa Kasulu au Uvinza hulipa kwa M-Pesa, kwa Airtel Money, kwa HaloPesa, au kwa ile iliyokuwa Tigo Pesa na ambayo tangu mwishoni mwa 2024 inaitwa Mixx by Yas. Sisi nasi huwalipa wavuvi wa Kibirizi na Katonga kwa njia hizo hizo, na benki hufikiwa mwisho, fedha zikishakusanyika na kuhamishwa kwa mkupuo. Anayeandika vitabu kwa kufuata taarifa ya benki peke yake hataona mauzo wala manunuzi, bali ataona mikupuo michache isiyo na maelezo, na hapo ndipo nilipoona kwamba miamala ya simu lazima iingie kwenye programu ya hesabu mmoja mmoja.

Programu ninayotumia ni GnuCash. Ni ya bure, hufanya kazi bila intaneti, na hushikilia kanuni ya uhasibu kwamba kila muamala uguse akaunti mbili au zaidi. Hupokea mafaili ya benki ya aina ya OFX na QIF, lakini pia faili la CSV, yaani jedwali la maandishi ambalo safuwima zake hutenganishwa kwa mkato. Mitandao ya simu hainipi OFX. Hunipa taarifa ya PDF yenye nenosiri au, kwa laini za biashara, jedwali linaloweza kupakuliwa, na kazi yangu ya kwanza ni kulisafisha katika LibreOffice Calc, programu ya lahajedwali (majedwali ya hesabu), kabla halijagusa vitabu.

Usafi huo ndio unaokula muda, na sioni njia ya kuukwepa. Namba ya simu inayoanza na 255 ikifunguliwa kizembe kwenye lahajedwali hugeuzwa kuwa kitu kama 2.55754E+11, na hapo huwezi tena kujua ni ya nani. Namba ya muamala nayo, ikiwa ni tarakimu zenye herufi E moja katikati, inaweza kupatwa na masaibu hayo hayo. Kwa hiyo wakati wa kufungua faili huziteua safuwima hizo mbili kuwa maandishi, siyo namba. Mkato wa maelfu huondolewa ili 350,000 isije ikasomwa kama safuwima mbili. Kuhusu tarehe, 05/06 inaweza kuwa tarehe 5 Juni au tarehe 6 Mei kutegemea aliyeisoma; mimi hutafuta mstari wenye siku inayozidi 12, mathalani 23/06, nikajua kwa hakika mpangilio uliotumika, kisha ndipo huiambia programu siku itangulie mwezi.

Kila laini nimeifungulia akaunti yake ndani ya kundi la mali, kando ya akaunti ya benki na ya fedha taslimu, kwa sababu kila laini ina salio lake, na salio ndilo shahidi wangu. Tuchukue mfano: laini ilikuwa na 2,600,000, zikahamishwa 2,000,000 kwenda benki, na salio lililoandikwa ni 595,000. Zile 5,000 zilizopungua ni makato, hata kama taarifa haikuyaonyesha kwenye mstari wake. Katika jedwali langu huweka safuwima inayokokotoa salio la mstari uliotangulia, kutoa kilichotoka, kuongeza kilichoingia, na kulinganisha na salio la mtandao. Palipo na tofauti huongeza mstari wa makato, unaokwenda kwenye akaunti ya gharama. Tozo ya serikali iliyoanza kutozwa kwenye miamala ya simu Julai 2021 nimeifungulia akaunti yake peke yake, maana mwenye duka alitaka kujua ni kiasi gani kinakwenda kwa mtandao wa simu na kiasi gani kinakwenda serikalini.

Jambo lililohitaji fikra zaidi ni uhamisho. Fedha zikitoka kwenye laini kwenda benki, mstari mmoja hutokea kwenye faili la simu na mwingine kwenye faili la benki, wakati mwingine kwa tarehe tofauti. Ukiingiza yote mawili bila mpango, fedha hizo hizo huandikwa mara mbili, na mbaya zaidi ule upande wa benki unaweza kuhesabiwa kuwa mauzo. Nilifungua akaunti niliyoiita Fedha Njiani. Upande wa simu hutoka kwenda Fedha Njiani, upande wa benki hutoka Fedha Njiani kuingia benki, na kila kitu kikifika akaunti hiyo husoma sifuri. Isiposoma sifuri, kuna mkupuo ambao haujafika au faili ambalo sijaliingiza. Katika mpango mzima hakuna ninachokithamini kuliko akaunti hii.

Kuingiza kwenyewe ni kwepesi ukishafika hapo. Unaiambia GnuCash iruke mistari ya kichwa cha taarifa, unaitajia ipi ni tarehe, ipi maelezo, ipi kiasi, na unaihifadhi mipangilio hiyo kwa jina la mtandao ili mwezi ujao usianze upya. Namba ya muamala huipeleka kwenye safuwima ya namba, kwa kuwa faili la CSV halina kitambulisho cha pekee kama OFX, na nikirudia kipindi kilichokwisha kuingizwa, namba hiyo hunisaidia kutambua marudio. Baada ya muda programu hujifunza: ikiona maelezo yanayofanana na ya zamani, hupendekeza akaunti yenyewe. Mistari isiyojulikana huangukia akaunti iitwayo Imbalance-TZS, nami huipitia mmoja mmoja.

Hapo ndipo ninapohitaji kukaa na mwenye duka, kwa sababu jina lililo kwenye taarifa mara nyingi si la mnunuzi. Anaweza kuwa wakala, shemeji yake au dereva wa gari la mzigo. Siku moja nilimsomea, “Mama, hii laki mbili ya Jumamosi ni ya dagaa?” Akavaa miwani, akaangalia jina, akanijibu, “Hapana mwanangu, huo ni mchango wa harusi, mimi ndiye mweka hazina wa kamati.” Nimemshauri kwa heshima zote atumie laini nyingine kwa michango na rambirambi, na hadi atakapofanya hivyo zimefunguliwa akaunti mbili: moja ya fedha za watu anazozishikilia, nyingine ya matumizi yake binafsi. Fedha ya kamati ikiandikwa kuwa mauzo, duka litalipia kodi pato ambalo halikuwa lake.

Faida yake ilionekana Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Kwa kuwa kila muamala ulikuwa na akaunti yake, tuliweza kutenga fedha zilizoingia kwa mawese na zile za wadaiwa waliokuwa wakilipa dagaa za nyuma, na mama akaona mapema kwamba haikumlazimu kukopa ili kulipa kodi ya ghala.

Mafaili halisi ya mitandao siyafuti wala kuyahariri. Nakala ninazosafisha ni nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, nami ninayaweka kwa mwezi na kwa laini, pamoja na nakala ya kitabu cha GnuCash ninayoichukua kabla ya kila uingizaji. HaloPesa, ambayo kwetu ina miamala michache, bado ninaiandika kwa mkono.