Bima ilisema mke wangu ana miaka 76: nilivyopigania vipimo vyake vya rovu

Nianze na ushauri ulioniudhi kuliko wote: "Si uchukue kadi ya shemeji yako, mbona wanafanana?" Niliambiwa hivyo na watu wazima wenye akili zao, wengine wanafanya kazi kwenye sekta hiyo hiyo ya afya, bima ilipogoma kulipia vipimo vya mke wangu. Walitutakia mema, najua. Lakini fikiria kipimo chenyewe ni cha homoni za tezi ya shingo. Majibu yangeingia kwenye faili la dada yake. Siku daktari akitaka kulinganisha majibu mapya na ya mwanzo, mke wangu hana historia yoyote, na dada yake ambaye ni mzima kabisa ana rovu kwenye makaratasi. Hapo bado sijagusa kwamba ni udanganyifu, ambao ukigundulika unaweza kuifuta bima ya familia nzima na kumtia matatani daktari aliyejaza fomu. Nilikataa, na vipimo vilipatikana kwa jina lake mwenyewe. Ndiyo maana naandika, maana najua kuna mtu Mbozi au Makete leo hii anaambiwa maneno hayo hayo.

Sisi tunaishi Tukuyu. Kwa watu wa milimani rovu si ugonjwa mgeni. Mvua nyingi kwenye miteremko huosha madini joto kutoka kwenye udongo, na chakula kinachoota hapo kinakuwa na upungufu. Kabla chumvi haijaanza kuwekewa madini hayo, bibi zetu wengi walizeeka na uvimbe shingoni na hakuna aliyeshtuka. Kwa hiyo shingo ya mke wangu ilipoanza kujaa upande wa kulia, mama mkwe alituambia tusihangaike, hata mama yake alikuwa nalo na alikufa kwa uzee. Jirani akashauri aongeze chumvi kwenye chakula.

Mimi nilichokuwa nakiona usiku ni kingine. Mke wangu alikuwa anapungua huku anakula vizuri. Mikono inatetemeka akishika kikombe. Moyo unamwenda mbio amekaa tu, na analoa jasho mwezi wa saba, wakati Rungwe nzima imejifunika mablanketi. Daktari wa hospitali ya misheni tuliyozoea alimpapasa shingo, akamwambia ameze mate huku vidole viko pale pale, akahisi vivimbe, kimojawapo kigumu. Akaandika vipimo vya damu, yaani TSH, T3 na T4, kisha utrasaundi ya shingo, na kama picha itaonyesha haja, kunyonya seli kwa sindano nyembamba. Akatueleza kwamba TSH hutengenezwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Tezi ya shingo ikizidisha homoni zake, yaani T3 na T4, TSH hushuka. Ikipunguza, TSH hupanda. Na habari ya chumvi alituonya: kama tezi inafanya kazi kupita kiasi, kuongeza madini joto kunaweza kuichochea zaidi. Basi ushauri wa jirani ukafia hapo.

Vipimo vyote hivyo ilibidi twende Mbeya mjini. Bima yetu ni ya kampuni binafsi, tunalipiwa na mwajiri wangu, na mke na watoto wamo. Mwaka wa bima ulikuwa umegeuka muda mfupi kabla, na orodha ya wanachama ilikuwa imeingizwa upya kwenye mfumo. Dada wa mapokezi akaingiza namba ya kadi, akatazama skrini, akamtazama mke wangu, akarudi kwenye skrini. "Kaka, huyu mama huku anasoma ana miaka 76. Bima yenu mwisho 65."

Mke wangu amezaliwa 1984. Aliyeingiza taarifa alipindua tarakimu mbili, ikawa 1948, na mfumo ukamfungia mlango bila kumwuliza mtu.

Habari ya kupiga simu sitaipa nafasi kubwa. Huduma kwa wateja wanakwambia wamepokea, wanashughulikia. Ukipiga tena unapokewa na mtu mwingine, unaanza hadithi upya. Wao wanasema nipite kwa broka, yaani dalali wa bima, broka anasema aanze afisa utumishi wa kampuni, afisa utumishi anasema ameshawaandikia bima. Nilichojifunza upesi ni kuuliza jina la anayeongea na namba ya malalamiko, na kuandika tarehe na saa kwenye daftari. Daftari hilo lilikuja kunilipa baadaye.

Kilichoniuma zaidi ni kadi mpya. Baada ya kuwatumia picha ya kitambulisho cha NIDA kwa WhatsApp, bima walitengeneza kadi nyingine na kuituma kwa basi. Nikaifungua pale pale stendi: 1984, safi, herufi zinang'aa. Nikampigia mke wangu ajiandae. Tukaamka usiku, tukapanda gari la kwanza, mvua inanyesha kuanzia Kiwira hadi Uyole, yeye amenyamaza, kifua kinamdunda. Tukashuka Nane Nane, tukachukua bajaji, tukawahi foleni. Dada yule yule akaingiza namba ya kadi. 1948. Kadi mkononi inasema hivi, kompyuta inasema vile.

Nilikuwa na hasira sana, lakini namshukuru yule dada hadi leo kwa sababu hakutufukuza dirishani. Alinigeuzia skrini nione mwenyewe, akanieleza kitu ambacho hakuna mtu wa bima aliyekuwa amenieleza: kadi ni plastiki tu iliyochapishwa. Hospitali haisomi maandishi ya juu yake. Inaingiza namba kwenye mfumo wa uhakiki, na huko ndiko kunakoamua. Walikuwa wamesahihisha kwenye kuchapisha, kwenye uhakiki wakaacha kama ilivyokuwa. Nikamwomba ruhusa nikapiga picha skrini ile, tarehe na saa vinaonekana pembeni. Kama nawe uko kwenye hali hii, kabla ya kusafiri piga simu hospitali, waombe waingize namba ya kadi na wakusomee wanachokiona. Usiiamini kadi.

Siku hiyo hatukurudi mikono mitupu. Nilimpigia daktari wetu nikamwuliza swali moja: kati ya vipimo hivi, kipi hakiwezi kusubiri? Akajibu damu. Utrasaundi inaweza kungoja kidogo, lakini moyo unaokwenda mbio namna ile haungoji barua za ofisini. Tukalipa taslimu homoni zote, laki moja hivi, pesa niliyokuwa nimeitenga kwa mbolea. Kwa anayelipa akitegemea kurudishiwa: dai risiti ya EFD, siyo kikaratasi cha mkono, na jina la mgonjwa lionekane. Toa kopi ya fomu ya daktari iliyoagiza kipimo kabla maabara hawajaichukua. Na majibu yawe na muhuri. TSH ilirudi ikiwa chini kabisa, T4 juu. Daktari akamwanzishia kabimazo, dawa ya kupunguza homoni za tezi, na dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, na akasisitiza kwamba akipata homa au koo kuuma ghafla akiwa kwenye kabimazo asinunue dawa dukani, akimbilie hospitali apimwe damu, kwa sababu dawa hiyo mara chache hushusha chembe nyeupe.

Sasa nije kwenye kile ninachojivunia.

Niliacha kuuliza "lini mtarekebisha" nikaanza kutafuta kosa lilizaliwa wapi. Broka alikuwa anasisitiza kwamba mwajiri ndiye aliyetuma taarifa mbovu. Nikaenda kwa mama anayetunza mafaili ofisini kwetu, tukafungua kabati pamoja, na fomu yangu ya kujiunga ilikuwepo: mwandiko wangu, 1984. Akaenda mbali zaidi, akafungua baruapepe iliyopeleka orodha nzima ya wafanyakazi na wategemezi kwa bima. Eksel ile nayo ilisema 1984. Akanichapishia vyote, pamoja na tarehe ya kutumwa. Hapo nikajua kosa lilifanyika kwao, na nina karatasi ya kuthibitisha.

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Sikuweka maneno ya uchungu, niliweka tarehe: siku orodha ilipotumwa, siku tulipokataliwa, simu nilizopiga na nani alipokea na namba za malalamiko, siku ya kadi mpya, siku mfumo uliposoma 1948 tena. Nikaambatisha fomu, eksel, kopi ya NIDA, cheti cha ndoa, na ile picha ya skrini. Nikaomba waseme kwa maandishi kwamba umri umesahihishwa kwenye mfumo wa uhakiki, watoe kibali cha utrasaundi, na warudishe pesa ya vipimo vya damu. Chini kabisa, baada ya sahihi, nikaandika: Nakala: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), Ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya.

Watu wengi hawajui kwamba TIRA wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya, na kwamba kampuni za bima zinapata leseni kwao. Hawajui pia kwamba Sheria ya Bima ya 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili ya mteja aliyeshindwana na kampuni yake. Unaanza na kampuni kwa maandishi, na ukikwama ndipo unapanda juu. Ndiyo sababu barua ni lazima. Simu haina muhuri.

Niliipeleka mwenyewe, nakala mbili. Kijana wa mapokezi akasema, "Iache tu hapo kaka, meneja yuko kwenye kikao." Nikamwambia sawa, ila naomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa, tarehe, jina lako na sahihi. Akashika muhuri, akaanza kusoma barua, akafika pale chini. Muhuri ukabaki hewani. "Subiri kidogo," akaingia ndani na barua. Meneja akatoka kwenye kikao yeye mwenyewe, akanikaribisha kiti, akausoma ukurasa ule mbele yangu. Akaniuliza kama nakala ya TIRA imeshaenda. Nikamjibu kwa heshima kwamba iko kwenye bahasha hii, naipeleka nikitoka hapa.

Akapiga simu Dar es Salaam nikiwa nimekaa. Nikamwomba aseme neno "uhakiki", siyo "kadi", na akalisema. Sikuondoka kwenye kiti kile. Nilimpigia dada wa mapokezi hospitalini, nikamwomba aingize namba. Mara ya kwanza bado. Baada ya muda akasema, "Kaka, imekaa sawa, 1984." Ndipo nikanyanyuka na nakala yangu yenye muhuri. Na ile ya TIRA nilipeleka, kwa sababu nilishaandika kwamba nitapeleka. Walinipokea vizuri na kuigonga muhuri.

Msidhani yaliishia hapo. Kibali cha utrasaundi kilipokuja kwenye simu yangu nilikisoma neno kwa neno kabla ya kupanga safari, na kilikuwa cha utrasaundi ya tumbo. Kingefika dirishani vile, tungekataliwa tena. Nilipiga simu kwa meneja moja kwa moja, kikarekebishwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo tunamwomba daktari aandike sehemu ya mwili kwa herufi kubwa, SHINGO, na sababu ya kipimo mstari wa pili, ili anayetoa kibali ofisini asibahatishe.

Picha ilionyesha vivimbe kadhaa, na kimoja daktari wa mionzi hakukipenda sura. Kikanyonywa kwa sindano, kazi ya dakika chache, mke wangu anasema haikuuma kuliko kuchomwa sindano ya kawaida. Kusubiri majibu kulituchosha kuliko yote yaliyotangulia. Hakukuwa na saratani. Nililia, na sioni aibu kusema. Sasa mikono haitetemeki, uzito umerudi, na anapima homoni kila daktari anapoagiza, kwa bima, kwa jina lake.

Pesa ya vipimo vya damu waliirudisha baada ya wiki kadhaa. Walijaribu kwanza kusema muda wa kudai umepita, nikawatumia picha ya barua yenye muhuri wao wenyewe na tarehe. Wakalipa yote. Nauli na siku za kazi hakuna aliyezirudisha.

Mwaka wa bima ulipokaribia kugeuka tena, nilimwomba afisa utumishi atubandikie orodha ya wategemezi ubaoni kabla haijatumwa, na bima wakishaiingiza waturudishie tuihakiki kutoka kwenye mfumo wao. Alikubali. Mwaka wa kuzaliwa wa mke wangu ulisomeka 1984. Mtoto wa dereva wetu mmoja alikuwa ameandikwa mara mbili, na mama wa jikoni jina lake la ukoo lilikosa herufi moja ikilinganishwa na NIDA. Yote yalisahihishwa wiki hiyo, kabla hajaugua mtu.